Kikokotoo chenye FACT: nimekipima kwa 4294967297

Wazazi wenzangu mnaoniuliza mtoto wa kidato cha tano anunuliwe kikokotoo gani, mimi nasema hiki cha kisayansi chenye neno FACT juu ya kitufe kimojawapo, yaani kinachoweza kuchambua namba kuwa vigawo tasa. Nilikipata kwa shilingi 45,000 kwenye duka la steshenari karibu na Soko Kuu, hapa Mtwara mjini. Kijana wa duka alikitoa kwenye boksi, akaniacha nikibonyeze nitakavyo kabla sijatoa hela, na wateja wa fotokopi wamemjalia kaunta. Nilimshukuru sana. Angalieni tu msipewe kile cha bei rahisi kinachofanana nacho: hakina FACT.

Nafundisha hesabu, na kikokotoo chochote nakipima kwa namba moja: 2 kipeo cha 32, jumlisha 1, yaani 4294967297. Mwanahisabati Fermat aliamini ni namba tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Ni Euler huyohuyo aliyethibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa hiyo huhangaiki na namba tasa zote. Unajaribu 193, 257, 449, 577, kisha 641, na hapo hakuna baki. Hatua tano! Kila mwaka nikiifanya ubaoni nafurahi upya.

Nikaandika namba, =, SHIFT, FACT. Kioo kikaleta 641×(6700417).

Hayo mabano ndiyo ya kumfundisha mtoto. Mashine inatafuta vigawo tasa visivyozidi tarakimu tatu; kinachobaki ikishindwa kukichambua, inakifungia kwenye mabano. Haisemi kwamba ni tasa. Jaribuni 1022117: nayo inarudi ndani ya mabano, na kumbe ni 1009 mara 1013. Mwanafunzi asiyejua hilo ataandika "tasa" na kukosa maksi.

Kwa 6700417, kazi iliyobaki ni ya mtoto mwenyewe, nayo ni tamu. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2589, kwa hiyo kama si tasa, lazima iwe na kigawo tasa chini ya hapo. Kanuni ileile ya 64, ukishaondoa zile nne zilizokwisha kushindwa, inamwachia namba saba tu: 641, 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Agawanye moja moja. Zote zinabakiza, basi 6700417 ni tasa kweli, na amethibitisha kwa mkono wake.

Zaidi ya tarakimu 10, FACT haifanyi kazi. Ukiandika 2 kipeo cha 64, jumlisha 1, kioo kinaleta 1.844674407×10¹⁹, na ile 1 uliyoongeza huioni tena. Kwa namba za ukubwa huo tafuteni programu ya kompyuta.

Karatasi ya maelekezo ni ya Kiingereza, herufi ndogo mno. Sehemu ya FACT nimeiandika kwa Kiswahili. Mtoto yeyote aje na daftari lake anakili.