TAHADHARI: Ogopeni "famasia" ya mtandaoni isiyomkatalia mtu dawa

Ndugu zangu, kama unaagiza dawa mtandaoni, au unamwagizia mzazi mwenye presha au kisukari, soma hili kabla hujatuma pesa.

Watu wengi huangalia kwanza kama tovuti inapendeza. Tovuti ya kupendeza hutengenezwa kwa siku moja. Mimi naangalia kitu kimoja kabla ya vyote: je, hawa wanaweza kunikatalia? Famasia halali hukataa. Dawa ya cheti haiuzi bila cheti cha daktari, na mfamasia atakuuliza unatumia dawa gani nyingine, una mzio na nini, una ujauzito au la. Tapeli haulizi. Unachagua antibaiotiki, dawa za usingizi, hata sindano, kama mtu anayechagua viatu. Wapo wajanja zaidi, wanaokuwekea fomu ya maswali, na ukimaliza tu kuijaza unaambiwa "daktari wetu ameidhinisha". Daktari huyo hana jina wala namba ya usajili, na hata ukiandika kwamba una ugonjwa wa moyo atakubali vilevile. Hiyo ni geresha.

Na msidhani hasara ni pesa tu. Mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya watu walioagiza mtandaoni dawa za usingizi na wasiwasi, zikiwemo Ambien na Xanax, kuletewa vidonge vyenye haloperidol, dawa kali ya magonjwa ya akili. Baadhi yao walikimbilia matibabu ya dharura, misuli imekakamaa na pumzi zinawashinda. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani likatahadharisha kuhusu Ozempic (sindano ya kisukari) bandia iliyokuwa imegunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani mwaka 2023. Dawa "za asili" za kupunguza unene zimekutwa zaidi ya mara moja na sibutramine, ambayo Ulaya na Marekani ziliiondoa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi. Za nguvu za kiume nazo hufichwa sildenafil, yaani dawa iliyomo kwenye Viagra, ndani yake. Mgonjwa wa moyo anayetumia nitroglycerin akizimeza, presha yake inaweza kuporomoka hadi akafa, na kwenye pakiti hakuna neno lililomwonya. Hili linaniuma sana, kwa sababu swali moja tu la mfamasia lingemwokoa.

Kwa hiyo wapime. Piga simu, omba kuzungumza na mfamasia, umuulize jambo kuhusu dawa yenyewe. Wakikujibu kwa meseji za "lipia sasa, ofa inaisha", ondoka. Wasioonyesha anwani ya mahali walipo, waache. Nembo ya usajili usiiamini kwa kuitazama, maana picha hunakiliwa. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, nembo halali ukiibofya inakupeleka kwenye orodha ya mamlaka ya dawa ya nchi husika. Lililo salama zaidi ni kuingia mwenyewe kwenye tovuti ya mamlaka ya dawa ya nchi yako na kulitafuta jina la duka hilo, bila kupitia kiungo walichokupa wao.

Malipo kwa sarafu za kidijitali au kwenye akaunti ya mtu binafsi? Usilipe. Insulini iliyokuja kwenye bahasha ya kawaida usiitumie. Ile ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na ikishaharibika kwa joto huenda usiione tofauti kwa macho.

Kuna utapeli mwingine ambao wengi hawaujui. Baada ya kununua, unapigiwa simu na mtu anayejiita ofisa wa serikali, anadai umevunja sheria kwa kuagiza dawa na ulipe faini mara moja. FDA imeshaonya kuhusu watu wanaojifanya maofisa wake kwa njia hiyo. Mara nyingi taarifa zako wamezipata kwenye oda uliyoweka. Usilipe hata senti.

Kama umeshazimeza dawa zao, nenda kwa daktari au mfamasia leo pamoja na pakiti, vidonge vilivyobaki na risiti. Kama ni dawa unayotakiwa kuitumia kila siku, mweleze hivyo ili upate dozi salama bila kukatisha matibabu. Pakiti usiitupe, mamlaka ya dawa wataihitaji utakapotoa taarifa.