Wikendi ya kayaki Sagana: nililipia nini na nilipata nini

Nianze na jibu kabisa maana najua wengine hamtafika chini: ndio, ningeenda tena Sagana kujifunza kayaki, lakini si kwa zile sababu wanazoweka kwenye matangazo. Kayaki si rafti jameni. Kwenye rafti, ile boti kubwa ya kujaza upepo, mnakaa sita saba, kiongozi yuko nyuma ndiye anaendesha, wewe kazi yako ni kupiga kasia akisema piga na kushikilia akisema shika. Kwenye kayaki uko peke yako ndani ya plastiki nyembamba imekubana kiuno na mapaja, ukipinduka umepinduka wewe. Kama unataka tu kulowa na kupiga mayowe na marafiki chukua rafti, ni raha, utarudi nyumbani umefurahi na mwili hauumi. Hii ninaandikia wale wanataka kujifunza maji ya kasi kwa kayaki na wanajiuliza kama wikendi moja ni pesa imeenda vizuri ama imetupwa mtoni.

Sisi tulikuwa kundi la watu waliojuana kwa maji, wengi tulikutana kwenye mazoezi ya bwawa la kuogelea hapa Nairobi. Kuna dada mmoja daktari wa meno, mwalimu wa hesabu wa sekondari ambaye ndiye ana roli (ile ya kupinduka na kujiinua tena bila kutoka kwenye kayaki) safi kuliko sisi sote, vijana wa kompyuta, jamaa wa Kilifi amezoea kayaki za bahari, rafiki yetu Mganda aliyekulia Jinja kando ya mto Nile, na mzee mmoja miaka sitini na kitu tunamwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, na hakasiriki. Kampi sitaitaja kwa sababu nina malalamiko na sitaki vita na mtu. Ziko zaidi ya moja pale, uliza.

Sagana ni kama kilomita 100 kutoka Nairobi, unapita Thika, Kenol, Makutano, na huna haja ya gari kubwa, matatu za Karatina na Nyeri zinakuachia hapo. Mto wenyewe ni Tana, huo huo unaoenda kumwaga maji Bahari ya Hindi kule Kipini, ila hapa juu bado ni mwembamba na una mawe mengi. Maji yanatoka Mlima Kenya na Nyandarua kwa hivyo mvua ikinyesha huko usiku, asubuhi unaamka unakuta mto mwingine kabisa, hata kama Sagana kwenyewe hakukudondoka tone. Hii watu wengi hawaijui, wanabuki tarehe kwa kuangalia likizo tu. Ukienda Februari maji yamepungua unakwaruza tumbo la kayaki kwenye mawe njia nzima, ukienda Aprili ama Mei mvua ndefu zikiwa zimeshika unaweza kukuta sehemu zingine wamefunga kwa wanaoanza. Sisi tulienda mvua fupi zikiisha, maji ya kahawia, mawe makubwa vichwa bado vinaonekana. Kwangu hapo ndio pazuri.

Jumamosi asubuhi hawakutupeleka mtoni. Vijana wa kompyuta walinuna, eti tumelipa kuja kukaa kwenye bwawa tena? Lakini hapo ndipo niliona walimu wanajua kazi yao. Kitu ya kwanza wanakupindua makusudi ukiwa umevaa sketi, ile ya mpira inayofunika tundu la kayaki maji yasiingie, na unatakiwa utulie chini ya maji, upige tumbo la kayaki kwa mikono watu wasikie, ndipo uvute ile kamba ya mbele ya sketi utoke. Inaonekana ujinga mpaka uelewe kwamba mtu anayeharakisha ndiye anakwama. Na kabla hujaingia majini kila mara wanaangalia kama ile kamba iko nje, maana ukiifungia ndani ya sketi hapo sasa unatafuta nini? Halafu ndio roli. Wengi tunadhani roli ni mikono, unasukuma kasia kwa nguvu unainuka, kumbe ni kiuno. Unarudisha kayaki kwanza kwa kupiga nyonga, kichwa kinatoka mwisho kabisa, na kichwa ndicho kinaharibu kila kitu sababu kinataka hewa kiwe cha kwanza. Mwalimu wetu alikuwa anamwambia Guka, "Mzee, lala begani, lala kama umechoka," na Guka akawa anainuka vizuri kuliko vijana wenye misuli. Niliipenda hiyo sana.

Sasa mchana ndio walitupeleka kwenye mkondo, na hapa ningeweza kuandika kurasa. Tulikaa sehemu moja tu ya mto, hatukwenda popote, saa kadhaa tunaingia na kutoka edi. Edi ni yale maji nyuma ya jiwe kubwa ama kona ya ukingo ambayo yametulia au hata yanarudi juu polepole wakati mto wenyewe unakimbia kwenda chini. Huko ndiko kayaki inapumzika, unangoja wenzako, unaangalia mbele. Shida ni mpaka kati ya edi na mkondo, unauona kabisa, mstari wa maji yanayosokotana. Ukitoka kwenye edi pua ya kayaki inaingia mkondo wa kwenda chini huku nyuma bado iko kwenye maji ya kurudi, kwa hivyo inazungushwa kwa nguvu, na kama umekaa wima kama mtu yuko kanisani, mkondo unaupata ubavu ule unaotazama maji yanakotoka, unaukanyaga, na uko chini kabla hujasema ng'we. Dawa ni kuegemea upande maji yanakoenda na kuinua ule ubavu wa juu, mkondo upite chini ya kayaki. Ni rahisi kuandika. Mwili wako wote unakataa, unataka kuegemea kinyume, kule maji yanakotoka, na hicho ndicho kinakupindua.

Jamaa wa Kilifi ndiye aliteseka zaidi na yeye ndiye mwenye uzoefu mrefu wa kasia. Alinieleza tukiwa tumekaa kwenye jiwe tunapumua, akasema, "Ndugu yangu, baharini wimbi linakuja kwako, linakuinua, linakwenda zake, maji yenyewe yako palepale. Huku wimbi limesimama tu, maji ndiyo yanakimbia. Mie nangoja wimbi linipite, halipiti!" Tulicheka lakini ni ukweli mtupu, wimbi la mtoni linakaa pale pale juu ya jiwe lake siku nzima na wewe ndiye unapita. Baada ya kusema hivyo akaanza kupiga kasia akifika wimbini badala ya kungoja na mambo yakabadilika. Sijui kama mwalimu angeweza kumweleza vizuri vile alivyojieleza mwenyewe.

Jumapili ndio safari. Maji ya kasi hupimwa daraja 1 mpaka 6, moja ni mtiririko tu, sita ni pale hata mabingwa wanafikiria mara mbili. Sisi tulipiga za mbili na tatu, na kila rapidi kubwa, yaani kipande cha maji ya kasi kati ya mawe, tulishuka kwanza tukatembea ukingoni kuisoma: ulimi wa maji laini unaingilia wapi, jiwe liko wapi, shimo (pale maji yanajirudia na kushika kayaki) liko wapi, edi ya kukamata chini ni ipi. Kuna moja walimu walisema leo hapana, tukabeba kayaki begani tukapita kando kwenye shamba la mtu, na nawapa heshima kwa hilo sababu kulikuwa na wawili waliokuwa wanawasukuma wapelekwe. Mwalimu alisema kuna mti umeanguka na matawi yako majini, maji yanapita katikati ya matawi ila mtu hapiti. Mjadala ukaisha.

Kwenye rapidi ya mwisho daktari alipinduka, akajaribu roli, ikakataa, akatoka. Na hapa ndipo utajua umeenda na watu wa aina gani. Hakukuwa na kelele. Mwalimu aliyetangulia chini alishasimama kwenye jiwe na mfuko wa kamba ya kuokolea kabla hata kichwa cha daktari hakijaonekana, akaurusha, ukaanguka mbele ya mikono ya daktari, Mganda wetu akaenda kuikimbiza kayaki na mwalimu wa hesabu akaokota kasia. Daktari mwenyewe alifanya kama tulivyofundishwa, mgongo chini, miguu mbele na juu, hakujaribu kusimama. Hiyo ya kusimama ndiyo inaua watu kwenye maji yanayofika kiunoni tu, mguu unaingia kati ya mawe mawili, mkondo unakusukuma mbele, unainama na huwezi kunyanyuka. Alipofika ukingoni alikuwa anacheka na kutetemeka pamoja. Halafu kuna ile mila ya wapiga kayaki dunia nzima, aliyetoka kwenye kayaki akaogelea anakunywa bia kutoka kwa kiatu chake cha majini. Yeye hanywi pombe, akapewa soda kwenye kiatu cha Guka. Sitaeleza harufu.

Mganda alikuwa anatuambia njiani tofauti ya hapa na Jinja. Nile ni maji mengi, ya joto, yenye kina, ukipinduka kuna nafasi ya kujaribu roli bila kugonga kichwa, lakini mawimbi ni ya nyumba nzima. Sagana ni maji kidogo, mawe mengi, lazima uwe unageuka geuka. Ila anaongea kuhusu nyumbani kwa uchungu. Bwawa la umeme la Bujagali, lililomalizika mwaka 2012, lilizamisha maporomoko ya Bujagali, kisha Isimba ikaja mwaka 2019 na kufunika mengine, yakiwemo mawimbi ambayo watu walikuwa wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuyachezea. Maporomoko ya Itanda bado yapo. Nchi inataka umeme, anasema, na kwao pia wanawasha taa, kwa hivyo hajui amkasirikie nani. Na sisi pia huku tuna bwawa la umeme la Masinga na wenzake wanaofuatana chini ya mto huu huu, ni vile tu wao hawajafika sehemu yetu ya kuchezea.

Haya, malalamiko. Vifaa. Helmeti zilikuwa sawa na laifu jaketi sawa, lakini sketi nyingi zimechoka, mpira umelegea, yangu ilikuwa inafunguka yenyewe nikiguswa na wimbi na kayaki inajaa maji, na kayaki iliyojaa maji haigeuki, inaenda inakotaka. Nilipolalamika nilibadilishiwa nikapewa ingine iliyolegea pia, ila si sana kama hiyo. Kwa bei ile si sawa. Bei yenyewe siandiki sababu wanapanga kulingana na ukubwa wa kundi, lakini kabla ya kutuma dipoziti kwa M-Pesa uliza vitu vitatu: kuna walimu wangapi kwa wanafunzi wangapi, vifaa viko ndani ya bei ama kando, na mto ukifurika siku hiyo pesa inarudi ama unapewa tarehe ingine. Sisi la mwisho hatukuuliza, tulikuwa na bahati.

Chakula cha kampi kilichelewa kila mara. Ukitoka majini una njaa ya kula meza, halafu unaambiwa wali unaiva. Jumamosi jioni tulitoroka tukaenda sokoni Sagana kula samaki wa kukaanga na ugali, na hiyo ndiyo ilikuwa meza bora ya wikendi. Tenti hazina shida. Beba sweta.

Watu huuliza mamba. Walimu walisema hapo kwenye rapidi si mahali pao, mamba na viboko ni wa huko chini Masinga, na sisi hatukuona hata mkia. Mimi kinachonisumbua zaidi ni kichocho, kwa sababu konokono wake wanakaa kwenye maji yaliyotulia kando kando, pale pale tunapopumzikia, na Mwea, yenye mashamba ya mpunga na kichocho chake, iko jirani. Usikae na nguo mbichi ukingoni saa nzima ukipiga stori, jifute, na baada ya wiki kadhaa nenda upimwe, dawa ipo na si ya kuogopa. Daktari wetu alitukumbusha hivyo ingawa yeye ni wa meno.

Na walioniuliza kama wanunue kayaki yao kabisa: ngojeni kwanza. Hapa nchini za mitumba ni kubahatisha, na matatu gani itakubebea? Guka anayo moja, huwa tunaifunga juu ya gari la daktari, na safari hii tukiwa tunarudi askari wa barabarani alitusimamisha, akaizunguka polepole, akaigonga gonga, akauliza hili tangi linaingia lita ngapi.