Kifaa gani ununue kupima nguvu za mkono kwa mieleka ya mikono: nimevipanga kuanzia bora mpaka vya kuacha

Ukianza kutafuta kifaa cha kupima nguvu za mkono, cha kwanza kukutana nacho ni dainamomita, ile unayoibana kwa kiganja inakupa kilo zako. Wachezaji kibao wa mieleka ya mikono, ule mchezo wa kulazana mikono mezani, wanaanza na hiyo na baada ya muda inaishia kwenye droo, kwa sababu inapima kubana tu, na mezani mtu anaweza kuwa na kiganja cha chuma na bado akafunguliwa kifundo cha mkono kabla hata refa hajatoa mkono vizuri.

Mezani nguvu zinakwenda pande tofauti. Kuna kukunja kifundo kuja ndani, kuna kuzungusha kigasha, yaani mkono chini ya kiwiko, ili kiganja kiangalie chini (bila hii sahau toproli, mbinu ya kumfungua mpinzani kifundo), kuna kuinua kifundo kwa upande wa dole gumba, kuna kuvuta mkono wa mwenzio uje kwako na kuna kusukuma pembeni kwenda kwenye pedi ya kumlazia mpinzani mkono. Kwa hiyo mimi kila kifaa nakiuliza maswali mawili tu: kinaweza kupima pande hizo? Na namba ya leo naweza kuilinganisha na ya mwezi ujao bila kujidanganya? Mpangilio huu umetokana na hapo, wala haujatokana na bei peke yake.

Namba moja: mizani ya digitali ya kuning'iniza

Ndiyo, ile ya ndoano wanayopimia mizigo. Ukiifunga chini ya meza au kwenye nguzo isiyotikisika, ukaweka mnyororo mfupi, karabina (kipete cha chuma cha kuunganishia) na mkanda au mshikio, unapima pande zote tano kwa kubadilisha tu mahali mkanda unapokaa na upande unaotoka mvuto. Kwa bei hakuna kinachoikaribia kati ya vifaa vya kweli.

Ila usinunue yoyote tu. Cha kwanza kuuliza ni kama inashikilia namba ya juu kabisa uliyofika, wanaita piki holdi. Mizani nyingi za bei rahisi zina kitufe cha kugandisha namba lakini kinagandisha pale tu uzito ukitulia, na mkono wa mtu anayevuta kwa nguvu zote hautulii hata siku moja, sa utabaki unakodolea macho namba zinazorukaruka na mwisho wa siku unachagua ile iliyokufurahisha. Pili, uwezo wa kilo 150 unamtosha karibu kila mtu kwa kifundo na kigasha, ya 300 chukua kama utapima kuvuta kwa mwili mzima, vinginevyo haikuongezei kitu. Usahihi wa gramu 50 au 100 usikutoe jasho, mkono wako wenyewe unatofautiana zaidi ya hapo kati ya asubuhi na jioni. Ikifika, ihakiki: lita 20 za maji ni kilo 20, pima dumu likiwa tupu kisha likiwa na lita 20 kamili, tofauti isipokuwa 20 au karibu sana na hapo irudishe.

Sa hapa ndo watu wanapochemka, na kosa halitoki kwenye mizani, linatoka kwenye mkanda. Chukua kipimo cha kuzungusha kigasha. Mkanda ukikaa sentimita 5 kutoka kwenye mhimili wa kigasha na ukavuta kilo 30, ukija wiki ijayo mkanda umeteleza kidogo ukawa sentimita 4, nguvu ile ile itasoma kilo 37 na nusu. Hujaongezeka chochote, umesogeza mkanda tu! Kwa hiyo chora alama kwa kalamu kwenye mkanda, na kwenye mkono wako tumia kitu kisichohama, mfano kifundo cha kidole cha shahada. Pembe ya kiwiko nayo iwe ile ile, urefu wa mnyororo usibadilike, kiwiko kisiinuke kwenye pedi yake. Vuta taratibu mpaka mwisho kisha shikilia sekunde 3 hadi 5, usishtue, maana ukishtua mizani inarekodi mshtuko, sio nguvu. Fanya mara 3, pumzika kama dakika 2 kila katikati, andika zote.

Na tafadhali, kupima kusukuma pembeni kuna hatari yake. Mfupa wa juu wa mkono unavunjika kwa kujisokota pale bega linapogeuka kwenda upande mmoja na mkono ukabaki upande mwingine, na mizani iliyofungwa haiachii kama mtu anavyoachia. Kiganja kikae mbele ya bega lako, macho yako yauone mkono, na kama bado mgeni kwenye mchezo kipimo hicho kiruke kabisa kwa sasa.

Namba mbili: kapi, kebo na vyuma

Kama jimu unayo karibu hii unaweza usinunue chochote zaidi ya mshikio na mkanda. Uzuri wake ni kwamba unapimia na kufanyia mazoezi hapo hapo, na inapima mwendo, sio kusimama sehemu moja tu, kitu ambacho mizani haikupi. Shida ni kwamba mashine za jimu hazifanani hata kidogo, nyingine zina kapi mbili kiasi kwamba ukiweka kilo 40 mkononi unasikia 20, msuguano nao ni wa kwake. Namba za mashine hii usizipeleke kwenye mashine ile. Ukinunua kapi yako mwenyewe chukua yenye beringi, na nguzo ya kupachika vyuma iwe na kifungio. Mshikio uwe mnene, milimita 50 au 60 hivi, maana mkono wa mpinzani sio bomba jembamba, na ukijizoesha bomba jembamba utajiona shujaa hadi siku ya mashindano.

Namba tatu: kipima mvuto cha bluetooth

Hivi ni vidogo vinavyotuma namba kwenye simu, maarufu zaidi ni Tindeq Progressor kutoka Norwei, ambayo wapanda miamba ndio wanaoipenda kwa kupimia vidole. Kwa kazi yenyewe ni bora kuliko mizani, nasema wazi, sababu inakuchorea mchoro mzima wa mvuto unaona umefika kileleni kwa haraka gani na umeanza kushuka lini, na kwenye mchezo ambao mtu anaweza kushinda kwa kuondoka tu haraka baada ya refa kusema goo, hiyo ni habari nzito. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya bei, na kwa sababu wengi watatumia mchoro huo wiki mbili halafu warudi kuangalia namba moja tu. Kocha mwenye wachezaji kadhaa, kwako wewe hii ndo namba moja.

Namba nne: dainamomita ya kubana

Sio takataka. Jamar ya haidroliki ndiyo wanayoitumia sana mahospitalini, inafika kilo 90 na mshikio una nafasi 5, za digitali kama Camry nazo zinafika kilo 90 kwa bei ya chini sana. Itakusaidia kujua kama umechoka: ukiamka kubana kumeshuka sana kuliko kawaida yako, siku hiyo meza iache. Pia inaonyesha tofauti ya kulia na kushoto baada ya majeraha. Ila usitabiri nayo mshindi. John Brzenk wa Marekani aliwalaza watu waliomzidi uzito kwa miaka na miaka, na siri yake ilikuwa mkono unaojua pa kwenda.

Namba tano: gripa

Hivi ni vibanio vya springi vya kufunga kwa kiganja. Captains of Crush za IronMind ni imara, namba 3 inakadiriwa pauni 280 na kuifunga ni sifa kweli kweli. Kama kipimo hapana, kwa sababu unafunga au hufungi, katikati hakuna namba. Nunua kama zoezi.

Za kuacha kabisa ni fimbo za springi za kukunja zenye kilo zilizochapwa kwenye boksi. Springi inalegea, kilo zinabaki pale pale kwenye boksi.

Ukishanunua chochote, pima na mkono wa kushoto tangu siku ya kwanza, mashindano mengi yana madaraja ya mikono yote miwili na wa kushoto ndo huwa hauna hata namba moja iliyoandikwa.