Maumivu mawili ya kidole kimoja

Umeipua sufuria bila kitambaa. Mkono unaruka wenyewe, halafu unasikia mchomo mkali, mfupi, na unajua kabisa ni kidole gani. Sekunde moja hivi baadaye yanakuja ya pili: moto mzito, unaoenea na usiotaka kuondoka.

Hizo ni njia mbili tofauti. Mchomo wa kwanza husafiri kwenye nyuzi za neva zilizovikwa ala nyembamba ya mafuta, mayelini, kwa mwendo wa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Maumivu ya pili hupita kwenye nyuzi nyembamba zaidi zisizo na ala: mita 0.5 hadi 2 tu. Ndiyo maana yanachelewa. Ukijikwaa kidole cha mguu yanachelewa zaidi, maana safari ya kufika ubongoni ni ndefu.

(Na ule mkono ulioruka? Hiyo ni amri ya uti wa mgongo, ubongo haukusubiriwa.)

Ipi afadhali? Ile ya haraka inakupa taarifa mapema. Lakini mimi naitetea ya polepole, pamoja na kero yake yote: ndiyo inayokufanya ukilinde kidole siku nzima, na mwiko wa ugali umwachie mwingine.