TAHADHARI: Valvu za mashine ya kufulia zenye stika ya "220V" iliyobandikwa juu ya maandishi mengine

Ndugu zangu mnaotumia mashine za kufulia, hasa wa Dar mnaonunua spea kwa kutumiwa picha kwenye simu, naomba msome hii kabla hamjatuma hela. Kuna mtu anauza valvu za kuingizia maji, anasema ni mpya na ni za volti 220. Aliyoniuzia mimi ilikuwa ya volti 110, imefunikwa stika. Iliungua ndani ya mashine, saa tatu usiku, wanangu wamelala chumba cha pili.

Naishi Tabata, nafua nguo za watu nyumbani kwa mashine moja ya kilo 8, ya mlango wa mbele. Wiki tatu zilizopita maji yalikatika siku nne. Yaliporudi, mashine ikagoma. Ukiwasha, mlango unajifunga, inanguruma kidogo, maji hayaingii, halafu inaonyesha kosa na kusimama. Fundi niliyeelekezwa hakufungua hata skrubu moja. Alisikiliza tu, akasema, "Dada, valvu imekufa hiyo," akanipa namba ya muuzaji. Naamini sasa kwamba wawili hao wanafanya kazi pamoja.

Muuzaji alijibu hapo hapo. Picha nzuri, boksi jipya. "Karibu dada, orijino kabisa, imebaki moja, kuna mteja wa Mbezi anaisubiri." Nilikuwa na sare za shule za watoto wa mteja zinazotakiwa Jumatatu asubuhi, nikatuma. Elfu 65 ya valvu, elfu 5 ya boda. Namba haikuwa ya biashara, ilikuwa ya mtu binafsi, na risiti sikupewa. Nilipouliza risiti aliniambia itakuja na mzigo.

Mzigo ulikuja kwenye nailoni iliyochomwa moto pembeni, boksi hakuna. Nikiiangalia valvu ile leo naona kila kitu kilikuwa wazi. Vile vyuma vya kuchomekea waya vilikuwa na mikwaruzo, maana yake waya zilishawahi kuingizwa na kuchomolewa. Ndani ya mdomo wa kutolea maji kulikuwa na duara jeupe la chumvi, kama lile linalobaki kwenye birika. Valvu ambayo haijawahi kupitisha maji haiwezi kuwa na chumvi.

Fundi aliifunga kwa robo saa, akachukua elfu 30, akaondoka. Maji yaliingia vizuri. Nguo za kwanza zikatoka. Za pili zikiwa kwenye kusuuza ndipo nikasikia harufu ya plastiki. Nilikimbia nikachomoa plagi, nikafunga koki. Koili, yaani ule waya uliozungushwa unaopitisha umeme ili valvu ifunguke, ilikuwa imevimba upande mmoja na plastiki yake imegeuka kahawia. Ilikuwa ya moto kiasi kwamba nilishindwa kuishika.

Jumapili mjomba wangu, fundi umeme aliyestaafu, akaja na mita yake. Akaigeuza ile valvu, akapitisha ukucha kwenye kona ya stika, ikabanduka taratibu. Chini yake, maandishi yaliyochapwa kiwandani: 110–120V, 60Hz. "Mama, hiki ni kifaa cha umeme wa Marekani," akaniambia. Kule umeme wa nyumbani ni volti 120, kwetu ni 230, huu huu unaoandikwa 220 kwenye spea. Koili ya 120 ukiipa 230, joto linakaribia kuwa mara nne ya lile iliyotengenezewa. Itafanya kazi, ndiyo, na ndiyo maana fundi aliweza kuniwashia mbele ya macho yangu na kuchukua hela yake. Itaungua akishaondoka.

Kilichoniuma zaidi kilifuata. Mjomba aliomba valvu ya zamani, bahati nzuri nilikuwa sijaitupa. Akaweka mita kwenye vyuma viwili kupima jinsi koili inavyouzuia umeme: kiloomu 3.9, yaani oumu 3,900. Koili nyingi za volti 220 husoma kati ya kiloomu 3 na 5, kwa hiyo koili ilikuwa nzima. Kisha akachukua plaizi, akavuta kile kichujio kidogo kinachokaa pale mpira wa maji unapofungwa. Kilitoka kimejaa tope jekundu, laini kama ugoro. Ndilo lililokuja na maji yaliporudi. Tulikisugua kwa mswaki, tukakirudisha, tukafunga valvu ile ile. Mashine inafua mpaka leo. Laki moja yangu iliondoka kwa sababu hakuna aliyeangalia kichujio.

Kwa hiyo mtu akikwambia valvu imekufa, chomoa plagi, funga koki, fungua mpira wa maji nyuma ya mashine, utazame kichujio kwanza. Elekeza mpira ule kwenye ndoo na ufungue koki uone maji yanakuja kwa nguvu gani. Wenye tanki juu ya paa fupi mjue kwamba kila mita 1 ya urefu inakupa msukumo wa maji wa bar 0.1 tu, na mashine nyingi zinataka bar 0.3 hadi 0.5. Tanki likiwa mita moja juu ya mashine, hata ununue valvu tano hazitasaidia. Na kama tatizo ni maji kuingia bila kukoma, chomoa plagi koki ikiwa wazi. Yakiendelea kuingia, valvu kweli haifungi, badilisha. Yakikoma, valvu ni nzima, kuna kitu kingine kinaiamuru ibaki wazi.

Ukilazimika kununua, nenda na ya zamani mkononi. Linganisha idadi ya midomo, upande inakoelekea, na maandishi ya volti yaliyochapwa kwenye mwili wenyewe. Ukiona stika ya volti, omba ibanduliwe mbele yako. Muuzaji mkweli hatakataa. Mwombe pia akupimie kwa mita: ile niliyouziwa ilikuwa na koili mbili, na ile ambayo haikuungua ilisoma oumu 890 badala ya 3,000 na kuendelea, na hiyo peke yake ingetosha kunishtua. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Nilipompigia muuzaji alisema, "Dada, spea za umeme hazirudishwi, fundi wako kaunga vibaya." Nikamtumia picha ya stika iliyobanduliwa. Akasoma, akanibloku. Fundi naye simu haipokei. Valvu nimeihifadhi na stika yake, ujumbe wote ninao, na wiki hii napeleka malalamiko Tume ya Ushindani.

Jirani yangu wa mtaa wa pili alinunua kwa namba hiyo hiyo mwezi huu, ilikuwa bado kabatini haijafungwa. Jana jioni tulikaa barazani tukaibandua stika pamoja. Chini yake palikuwa pameandikwa 110–120V.