Tone Linalong'aa Kijani: Tathmini ya Kipimo cha Risasi cha Lumetallix

Seti ya Lumetallix ya kutambua madini ya risasi, iliyotokana na utafiti wa taasisi ya AMOLF ya mjini Amsterdam, ina vitu viwili tu vya maana: kichupa cha kitendanishi, yaani kimiminika cha kupimia, na tochi ya mionzi ya urujuanimno. Kitendanishi hicho ni chumvi ya methilamoni bromidi iliyoyeyushwa katika alkoholi, nacho kikiangukia mahali penye madini ya risasi huungana na ioni zake na kufanya fuwele ndogo mno za perovskaiti ambazo, zikimulikwa kwa tochi hiyo, hutoa mwanga mkali wa kijani unaotambulika hata na mtu asiyewahi kuingia maabara.

Nilianza na vitu ambavyo jibu lake linajulikana, yaani chubwi ya mshipi na waya wa lehemu wa fundi redio, na vyote viwili viliwaka kijani papo hapo. Kilichonifunza zaidi ni kipande cha rangi kilichobanduka kwenye fremu ya dirisha kuukuu: uso wake mweupe ulibaki giza, ilhali ukingoni, zilikoonekana tabaka za chini zilizopakwa miaka mingi iliyopita, palijitokeza mstari wa kijani mwembamba kama uzi. Kitendanishi hugusa kilicho juu tu. Anayepima ukuta au mlango sharti akwangue mpaka afike kwenye mbao au plasta, la sivyo atapewa jibu la rangi ya juzi.

Vijiti vya pamba vyenye kemikali ya rodizonati, vilivyotangulia sokoni, hugeuka waridi au vyekundu vikikutana na risasi, na hapo ndipo mashaka huanza, maana mlango uliopakwa rangi nyekundu nao huweza kuacha wekundu kwenye pamba. Mwanga wa kijani gizani hauna utata huo. Hata hivyo, ni lazima kumulika kabla ya kudondosha tone, kwa sababu vipo vitu vinavyong'aa vyenyewe: karatasi nyeupe na nguo zilizofuliwa kwa sabuni ya unga hutoa mwanga wa buluu, na baadhi ya plastiki za vitu vya kuchezea watoto zina rangi za kuwaka zinazoweza kumpoteza mpimaji.

Swali ambalo wengi wetu tungependa lijibiwe ni la sufuria zinazosubiwa kwa alumini ya vyuma chakavu. Risasi imekwisha kupatikana katika vyombo vya namna hiyo vilivyopimwa maabara, vikiwemo vya Kenya na Tanzania. Hapa sifa ninazokipa kipimo hiki zinapungua. Sufuria ikiwaka kijani, iwekwe kando. Isipowaka, hakuna kilichothibitishwa, kwa kuwa risasi huenda imetawanyika ndani ya alumini kwa kiasi kidogo, na kinachomdhuru mlaji ni ile inayotoka polepole na kuingia katika chakula chenye ndimu, ukwaju au nyanya kinapochemka humo kwa muda mrefu. Kiasi hicho hujulikana kwa maabara tu. Ndivyo ilivyo kwa rangi pia: kikomo ambacho Shirika la Afya Duniani linahimiza ni sehemu 90 za risasi katika milioni, na jicho haliwezi kuisoma namba hiyo kwenye mwanga wa tochi.

Maji ya kunywa yasipimwe kabisa kwa njia hii. Kikomo cha risasi katika maji, kwa mwongozo wa shirika hilo hilo, ni mikrogramu 10 kwa lita, na fuwele zenyewe huharibiwa na maji, hivyo hata kitu kilicholowa kikaushwe kwanza.

Usalama nao usichukuliwe kwa wepesi. Kwa kuwa fuwele hizo huyeyuka majini, risasi iliyokuwa imeshikwa ndani ya rangi inaweza sasa kuingia mwilini kwa urahisi zaidi. Mpimaji avae glavu, apime sehemu ndogo, aifute vizuri na kunawa mikono, na kichupa kikae mbali na jiko.

Kwa familia moja isiyo na nyumba ya zamani, sioni haja ya kununua seti nzima. Ningeipeleka kwa mafundi rangi, wanaopiga msasa mkavu madirisha makuukuu huku watoto wa nyumba wakicheza chini yake, kwa sababu tone moja kabla ya kazi lingewaambia walowanishe kwanza na kukusanya vumbi, au waiache rangi ilivyo na kuifunika.