Tahadhari: Muuzaji wa Madirisha Bandia ya Vioo vya Rangi

Tunaziarifu kamati za ujenzi wa makanisa, pamoja na familia zinazopanga kuagiza dirisha la vioo vya rangi kwa kumbukumbu ya marehemu wao, kwamba yupo muuzaji anayejitangaza mitandaoni kuwa fundi mwenye karakana Nairobi, ilhali hana karakana wala tanuri. Anachowaletea wateja ni kioo cha kawaida cha dirisha kilichobandikwa plastiki yenye picha iliyochapishwa. Parokia yetu ilimlipa asilimia 70 ya bei kabla ya kazi kuanza, fedha ambazo waumini walizichanga kwa harambee, na kilichofika ndicho hicho.

Huwavuta watu kwa picha nzuri mno. Mojawapo, aliyodai ni kazi aliyoikamilisha Kisumu, ni ya madirisha ya Sainte-Chapelle mjini Paris, kanisa lililowekwa wakfu mwaka 1248. Fundi huyu basi amejaliwa umri mrefu kweli. Mteja akiomba kuitembelea karakana, huambiwa mara mitambo inahamishwa, mara mafundi wako safarini, na papo hapo hukumbushwa kwamba bei itapanda mwezi ujao.

Kabla ya kulipa chochote, dai kipande cha kioo ukishike mkononi na ukitazame ukingoni. Rangi ya kioo halisi imo ndani ya kioo chenyewe, kwa kuwa madini huchanganywa humo kinapoyeyushwa: kobalti hutoa buluu, shaba hutoa kijani au nyekundu, na dhahabu hutoa waridi. Ndiyo maana buluu ya madirisha ya kanisa kuu la Chartres nchini Ufaransa, ambayo sehemu yake ni ya karne ya 12, haijafifia, wakati plastiki iliyochapishwa hupauka kwa jua letu. Usimshtaki fundi bure, hata hivyo, ukiona kioo chekundu kina utando mwembamba tu wa rangi juu ya kioo cheupe, kwani nyekundu nyingi hutengenezwa hivyo tangu zamani. Tofauti ni kwamba utando huo ni kioo, na hauwezi kubanduka kwa wembe. Wa huyu ulibanduka kwa kucha.

Nyuso za watakatifu, mikunjo ya mavazi na maandishi huchorwa kwa brashi, kwa rangi iliyotengenezwa kwa unga wa kioo na oksidi ya chuma, kisha vipande huchomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi au zaidi hadi mchoro ushikamane na kioo. Asiye na tanuri, na asiyeweza kukutajia anakochomea, hana la kukuuzia. Vipande hivyo hushikanishwa kwa mikanda ya madini ya risasi yenye umbo la herufi H, ambayo hulehemewa kwenye maungio, na dirisha kubwa hutegemezwa kwa nondo ili lisijipinde kwa uzito wake na kwa upepo. Katika dirisha tuliloletewa, mkanda wa risasi ulikuwa wa gundi, umebandikwa upande wa mbele tu juu ya kioo kizima kisichokatwa popote.

Mkataba utaje aina ya kioo, unene wa risasi, nondo, na nani atakayepima tundu la dirisha ukutani, kwa sababu kuta za makanisa ya zamani mara nyingi haziko sawa. Udai pia mchoro wa ukubwa kamili, ambao fundi wa kweli hawezi kukata kioo bila kuwa nao. Malipo yafuate hatua: sehemu mchoro ukikubaliwa, sehemu vioo vilivyokatwa vikionekana kwa macho karakanani, na salio dirisha likishasimama ukutani.

Tumekwisha kupiga ripoti polisi. Simu yake haipatikani tena, lakini matangazo yameanza upya kwa jina jingine, kwa hiyo msiliamini jina; dai kipande cha kioo.